Juu ya Kuyeyuka na Kukolea: Chumvi na Sukari Katika Maji na Katika Tando

Mkulima wa mpunga afundishwapo kuchagua mbegu, huambiwa atwae ndoo ya maji, atie chumvi na kuikoroga, kisha atumbukize ndani yake yai bichi la kuku. Likizama, aongeze chumvi. Likielea na kutokeza mgongo juu ya maji, chumvi imetosha. Hapo huliondoa yai na kumimina mbegu. Punje pepe huja juu, nazo huenguliwa na kutupwa. Punje zilizojaa hushuka chini, nazo ndizo za kupandwa. Lakini kabla ya kulowekwa yapasa mbegu hizo zioshwe kwa maji matupu, mara mbili au tatu, hata ladha ya chumvi isisalie. Mwenye haraka hulipuuza sharti hili la mwisho, akidhani ni usafi tu.

Nimeanza na ndoo hiyo kwa sababu mahali ninapopafikiria katika makala haya ni Ubaruku, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Hapo ni katika bonde la Usangu, nchi tambarare iliyo chini ya milima ya Nyanda za Juu za Kusini. Mto Mbarali hushuka toka milima ya Kipengere, hunywesha mashamba, na maji yanayosalia huingia katika Ruaha Mkuu. Shamba kubwa la mpunga lilifunguliwa huko katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China, likaendeshwa na shirika la umma la NAFCO, na baadaye likauzwa kwa watu binafsi. Wakulima wadogo nao wana majaruba na mifereji yao kandokando. Watu wa nchi kama hiyo huishi na maji yenye vitu ndani yake: chumvi ya ndoo, chumvi ya udongo, mbolea ya jarubani, na maradhi ya kuharisha yanapoingia, maji ya dawa anyweshwayo mtoto. Mambo haya yaonekana mbalimbali, lakini elimu iyaelezayo ni moja. Nataka kuieleza elimu hiyo, na kando yake kuyapima maneno mawili ya Kiswahili, kuyeyuka na kukolea, ambayo hatuna budi kuyatumia kila jambo hili linapotajwa, na ambayo kila moja laweza kumpoteza msikilizaji kwa namna yake.

Kitenzi yeyuka kina kazi mbili. Twasema barafu imeyeyuka, samli imeyeyuka, nta imeyeyuka. Twasema pia sukari imeyeyuka katika chai. Msemaji wa kawaida haoni tofauti, wala hana haja ya kuiona, maana katika hali zote mbili kilichokuwa kigumu hakionekani tena kuwa kigumu. Mwalimu wa kemia ndiye ataabikaye. Samli iyeyukayo ni kitu kimoja tu kilichobadili hali yake kwa sababu ya moto. Ikipoa huganda tena, wala hapana kitu cha pili kilichohitajiwa. Sukari ya chai, kwa upande wake, haikugeuzwa na moto. Hata maji baridi yangeipokea, ila taratibu zaidi. Na chumvi ya mezani, mtu akitaka kuiyeyusha kwa moto kama ayeyushavyo nta, hana budi kuifikisha kwenye joto la nyuzi 801 za Selsiasi, joto lisilojulikana jikoni. Lakini katika maji ya mtungi hutoweka mbele ya macho yake.

Neno hili kutoweka ndilo lenye hatari. Yeyuka hubeba pia wazo la kupotea: magazeti yetu hayachoki kuandika kwamba fedha za umma zimeyeyuka. Mwanafunzi aliyeizoea maana hiyo hudhani kwamba chumvi imekwisha. Kumbe iko yote. Gramu 9 zikitiwa katika lita moja ya maji, maji yakikaushwa zitapatikana gramu 9 zile zile. Wachemshaji chumvi wa nchi hii waliifanyia kazi kanuni hiyo kabla ya kuwako vitabu vyake. Huko Uvinza, katika mkoa wa Kigoma, uchimbuaji wa wanaakiolojia J. E. G. Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba maji ya chemchemi za chumvi yamechemshwa hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Karibu zaidi na Usangu pako Ivuna, penye bonde la Rukwa, katika nchi iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya na ambayo tangu 2016 ni ya mkoa wa Songwe. Huko nako chumvi ilitengenezwa tangu kale. Penye udongo wa chumvi, watengenezaji huutia udongo katika chombo chenye matundu, huumiminia maji, na kuyachemsha maji yanayotona chini. Msomaji na aangalie jambo moja hapa: udongo hubaki juu, lakini chumvi hupita pamoja na maji. Hapana kitambaa wala kifumbu kiwezacho kuizuia chumvi iliyokwisha kuingia majini. Tutalirudia neno hili tutakapofika penye utando.

Kwa kuukimbia utata wa yeyuka, baadhi ya waandishi wa vitabu vya sayansi waliliachia barafu na samli, wakachukua kitenzi mumunya na kutoa kwacho jina mmumunyo. Wengine wameshikilia myeyuko au myeyusho. Ushindani huu haujaisha, ijapokuwa kazi kubwa ya istilahi imefanywa, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitolewa tangu 1990. Mimi naona mmumunyo una haki zaidi. Mtoto amumunyapo pipi, pipi haiyeyushwi na joto la kinywa kama samli. Huchukuliwa kidogo kidogo na mate, na utamu wake huenea katika mate yote. Hivyo ndivyo hasa ilivyo sukari katika maji, na sijui kama lugha nyingine ina mfano ulio karibu na mwili wa binadamu kuliko huo. Lakini hapana mpishi atakayesema sukari imemumunyika katika chai, wala hapana faida ya kumlazimisha. Basi hapa nitatumia mmumunyo kwa maji yaliyopokea kitu, na yeyuka nitaiacha iseme kama isemavyo nyumbani.

Sasa, ni nini kinachotokea ndani ya ndoo? Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini zilizoshikamana kwa nguvu ya umeme, moja ikiwa na chaji ya chanya na nyingine ya hasi, nazo zimepangwa safu kwa safu kama matofali. Molekuli za maji nazo zina upande wa chanya na upande wa hasi. Huizingira punje ya chumvi, huzing'oa chembe za pembeni moja moja, na kila chembe iliyong'oka huvikwa vazi la maji ili isirudi kwa mwenziwe. Chembe hizi zenye chaji huitwa ioni. Kwa hiyo katika maji ya chumvi, tukisema kwa usahihi, hamna chumvi: mna sodiamu peke yake na kloridi peke yake, kila moja ikienda njia yake. Sukari haifanyi hivyo. Molekuli yake ni kubwa na haina chaji. Maji huitenga na wenzake, lakini haivunjiki. Iliingia sukari na imebaki sukari.

Msweden Svante Arrhenius ndiye aliyelitetea wazo hilo la ioni katika tasnifu yake ya 1884 pale Uppsala, na watahini wake wakampa daraja la chini. Mnamo 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa wazo lile lile. Uthibitisho wake ulio rahisi ni umeme. Maji ya chumvi huupitisha, maji ya sukari hayaupitishi, kwa sababu kinachobeba umeme majini ni chembe zenye chaji. Tutaona kwamba hata wapimaji wa udongo wa mashamba hutegemea jambo hili.

Kiasi ambacho maji hukubali kupokea hutofautiana pia. Lita moja ya maji katika joto la kawaida hupokea chumvi kama gramu 360, na moto hauongezi sana kiasi hicho; sukari hupokewa kadiri ya kilo 2, na maji yakichemka ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Ndiyo maana chumvi hupatikana kwa kukausha maji, bali mpishi wa kashata hucheza na moto.

Tuje kwenye neno la pili. Kukolea, katika Kiswahili, ni sifa. Chumvi ikikolea mchuzi umefaa; rangi ikikolea nguo imependeza; hata mapenzi hukolea. Kinyume chake ni chapwa, nalo ni neno la kulaumu. Wanasayansi walipotafuta jina la wingi wa kitu ndani ya mmumunyo walilitwaa neno hili wakapata ukolevu, na walifanya vema, kwa maana hapana jingine lililo karibu zaidi. Ila lazima tukumbuke kwamba katika kinywa cha watu kukolea hupimwa kwa ulimi, na kikomo chake ni ladha. Ulimi ni mpimaji wa namna ya peke yake. Watu wa pwani huyaita maji ya kisima kizuri maji matamu, wala hamna sukari ndani yake. Maana yao ni kwamba hayana chumvi. Ulimi hulinganisha, hauhesabu.

Utando huhesabu. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Maji yakitenganishwa na utando upitishao maji lakini uzuiao vitu vilivyomo, kinachoamua mwendo wa maji si uzito wa kitu kilichotiwa, wala ladha yake, ila idadi ya chembe zake. Gramu 9 za chumvi katika lita moja, kwa kuwa chumvi ni nyepesi kwa chembe na tena kila moja hugawanyika mara mbili, zina nguvu sawa na kama gramu 50 za glukosi, au kama gramu 100 za sukari ya chai. Maji ya kwanza yangeonekana kama mchuzi. Ya mwisho ni matamu kama soda. Kwa ulimi ni vitu viwili visivyokutana. Kwa utando ni kitu kimoja.

Habari za utando zina historia ndefu. Mnamo 1748 padri Mfaransa Jean-Antoine Nollet alikijaza chombo pombe kali, akakifunga mdomo kwa kibofu cha mnyama, akakizamisha katika maji. Kibofu kilivimba kikawa karibu kupasuka, kwa maana maji yaliingia upesi kuliko pombe ilivyotoka. Mjerumani Wilhelm Pfeffer, ambaye kitabu chake kilitoka 1877, alitengeneza utando wa kemikali ndani ya kuta za chungu chenye vinyweleo, akaweza kupima kwa namba shinikizo la maji ya sukari. Na Mholanzi J. H. van 't Hoff akaonyesha mnamo 1887 kwamba shinikizo hilo huifuata hesabu ya chembe kama lile la hewa iliyofungiwa chomboni. Yeye ndiye wa kwanza kupata Nobel ya kemia, mwaka 1901. Shinikizo lenyewe si dogo. Yale maji ya gramu 9 za chumvi, yakitazamana na maji matupu kwa utando ulio kamili, hutoa shinikizo lipatalo mara saba na zaidi ya lile la hewa ituzungukayo. Ni sawa na shinikizo la magurudumu ya malori yapitayo katika barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, kilomita chache kutoka Ubaruku.

Mwendo huu wa maji huitwa osmosisi, neno lililotoholewa, nami sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na wale wasemao kwamba chumvi hunyonya maji. Hapana anyonyaye. Maji huvuka utando pande zote mbili bila kupumzika. Lakini upande wenye chembe nyingi sehemu ya nafasi imeshikwa na hizo chembe, na maji yenyewe yamefungwa kuzivika, hivyo yavukayo kutoka upande huo ni machache kuliko yavukayo kuuendea. Kwa Kiswahili chepesi twaweza kusema: maji huenda palipokolea. Sentensi hii ni fupi, haihitaji neno geni hata moja, na nimeona inashikika kuliko fasili za vitabuni.

Na utando wenyewe tuuiteje? Wapo wapendao kiwambo. Lakini kiwambo chatoka kwa kuwamba, na kilichowambwa ni ngozi ya ngoma iliyokazwa na fundi juu ya mzinga. Utando ni kile kitandacho chenyewe, kama juu ya maziwa yaliyopoa, na utando wa seli ni kama huo: ni mafuta, unene wake molekuli mbili tu, hata tando 10,000 zikipangwa pamoja ndipo ziukaribie unene wa karatasi. Tena si kifumbu. Kifumbu huangalia ukubwa. Kipana hubaki, chembamba hupita. Ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko molekuli ya glukosi, hata hivyo mafuta huikataa kwa sababu ya chaji yake na vazi lake la maji. Maji yenyewe hupitia zaidi katika vijia vya protini ambavyo Mmarekani Peter Agre alivitambua kazi yake mnamo 1992, akapewa Nobel mwaka 2003. Na ioni na sukari zina milango yake, kila kimoja mlango wake. Neno upenyezaji, linalotumiwa sana, huficha habari hii ya milango, kwa kuwa kipenyacho hujipenyeza kwa hila au kwa nguvu. Mlangoni watu hupitishwa.

Mama wa nyumbani huuona mwendo huu kila atengenezapo kachumbari. Vitunguu vilivyokatwa hutiwa chumvi na kuachwa kitambo. Chini ya bakuli hukusanyika maji, na vitunguu hulegea. Maji yale hayakutoka penginepo ila ndani ya seli za kitunguu. Mvuvi naye akimtia papa chumvi ili asioze, viini vya kuozesha vitakavyomwangukia hupokonywa maji kwa njia ile ile. Na asali, iliyo na sukari kama asilimia 80, haiozi kwa sababu hiyo hiyo. Chumvi na sukari, ambazo ulimi huziona mahasimu, ghalani hufanya kazi moja. Baharia aliyeishiwa maji hujua upande mwingine wa habari: maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kilo moja, figo za mwanadamu haziwezi kuitoa chumvi yote hiyo bila kutumia maji mengi kuliko yaliyonywewa, na kila funda huongeza kiu.

Turudi sasa kwenye ndoo ya mbegu. Ili yai la siku chache lielee huhitajiwa chumvi zaidi ya gramu 100 kwa lita, yaani karibu mara tatu ya bahari. Mbegu kavu ina kiu ya ajabu, na katika dakika chache za kuchaguliwa haidhuriki. Lakini mbegu ikilowekwa na chumvi ingali imeishika, maji ya kulowekea huwa tayari yamekolea, na kiini kitakiwacho kuamka hupata maji kwa shida. Zaidi ya hayo, sodiamu na kloridi huingia ndani na kuisumbua kazi ya kuota. Kuosha mara mbili au tatu si usafi. Ni kumfungulia maji mlango.

Jaruba ni ndoo kubwa zaidi, na haina wa kuiosha. Maji ya mto tunayoyaita matamu yana chumvi mbalimbali ndani yake, kidogo sana, zilizotoka katika miamba ya milima. Tufanye mfano kwamba kila lita ina sehemu moja ya kumi ya gramu, na kwamba katika msimu hekta moja imetiwa maji ya kimo cha mita moja. Hizo ni lita milioni 10, nazo zimeleta tani moja ya chumvi. Jua huyachukua maji, mpunga huyachukua maji, lakini jua halichukui chumvi hata punje, na mpunga huchukua kidogo mno. Zisipopatiwa njia ya kutoka, hubaki. Kwa hiyo shamba la umwagiliaji lahitaji mifereji ya namna mbili, wa kuleta na wa kutoa, na ule wa kutoa ndio usahaulikao, kwa sababu hasara yake haionekani mwaka wa kwanza. Mpunga ni mmoja wa mimea isiyovumilia sana. Kwa vipimo walivyovikusanya E. V. Maas na G. J. Hoffman mnamo 1977, mavuno yake huanza kupungua pale maji yaliyokamuliwa katika udongo yanapopitisha umeme zaidi ya desisimensi 3 kwa mita, na kwa kila desisimensi inayozidi hupotea kama asilimia 12. Hapo msomaji ataona umeme wa Arrhenius ukifanya kazi ya bwana shamba. Mche uliomo katika udongo wa namna hiyo hunyauka na miguu yake i majini. Mtazamaji husema maji hayatoshi, akaongeza maji, na pengine akaongeza mbolea, ambayo nayo ni chumvi.

Dawa ni kuzisukuma chumvi kwa maji mengi matamu yashukayo na kutoka. Lakini katika Usangu maji hayo yana madai mengi. Yanayotoka mashambani yatarajiwa kuifikia Ihefu, kisha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la umeme la Mtera; na tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika mtiririko wakati wa kiangazi. Sitaingia katika shauri hilo, ila nasema kwamba mtu akihesabu maji yanayohitajiwa na mpunga na kuyasahau maji ya kuoshea udongo, hesabu yake haijatimia.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote, nalo li katika utumbo wa mtoto. Sumu ya kipindupindu huifungua milango ya kloridi katika tando za utumbo. Kloridi humwagika nje, sodiamu huifuata, na maji, kama tulivyokwisha kusema, huenda palipokolea. Mgonjwa aweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Akinyweshwa maji matupu hayakai. Akinyweshwa maji ya chumvi peke yake hayasaidii sana. Lakini upo mlango mmoja ambao sumu ile haiugusi. Mlango huo huipitisha glukosi kwa sharti kwamba iandamane na sodiamu, ioni mbili kwa kila molekuli moja. Robert Crane alilieleza wazo hilo huko Prague mnamo Agosti 1960. Vikiingia hivi viwili, maji huvifuata. Hiyo ndiyo kazi ya sukari katika maji ya dawa: si kumtia mgonjwa nguvu, wala kuifanya dawa inyweke, bali kumpeleka sodiamu mlangoni. Katika kambi za wakimbizi za Bangaon, India, mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis alitumia maji ya namna hiyo kwa maelfu ya wagonjwa, na vifo vikashuka toka kama asilimia 30 hadi kama 4.

Pakiti ya sasa, kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2002, ina glukosi gramu 13.5, chumvi ya mezani gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9, vyote kwa lita moja. Kanuni ya zamani ilikuwa na glukosi gramu 20 na chumvi 3.5. Kwa nini ilipunguzwa? Ukizihesabu chembe kwa kipimo kiitwacho miliosmoli, ile ya zamani ilifika 311 kwa lita, nayo damu ina kama 290. Ya sasa ni 245. Maji ya dawa yakiwa yamekolea kuliko damu, yatayavuta maji kuja utumboni. Yakiwa yamekolea kidogo kuliko damu, yatayaachia yaende ndani.

Hapa ndipo neno letu lenye sifa linapogeuka kuwa adui. Mzazi aliyekuzwa na lugha isemayo kwamba kilichokolea ndicho kilichofaa, na kwamba dawa chapwa si dawa, akiimimina pakiti nzima katika chupa ya maji ya nusu lita, amepata 490. Akitumia chupa ya soda ya mililita 350, amepata 700, zaidi ya mara mbili ya damu ya mwanawe, na kuharisha kwaweza kuzidi. Hakukosea kusoma. Ameongozwa na Kiswahili chake kizuri cha jikoni. Kwa hiyo mwandishi wa maelezo ya pakiti haifai aandike changanya dawa na maji tu, wala koroga mpaka ikolee. Aandike yeyusha pakiti nzima katika lita moja kamili ya maji safi, na kamili isiachwe. Nasema yeyusha kwa makusudi, baada ya kuutetea mmumunyo kwa maneno mengi: kwenye pakiti si mahali pa istilahi.

Na ulimi haukosi kazi kabisa. Pakiti isipopatikana, wahudumu wa afya wamefundisha kutengeneza maji hayo nyumbani kwa vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja, na kumwambia mama ayaonje kabla ya kumnywesha mtoto: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Machozi ya binadamu yana chembe karibu sawa na damu yake, na hapana mtu mzima asiyeijua ladha yake.